Mafunzo ya Kupita

Mwalimu wetu wa mafunzo ya dharura alitoka Lubumbashi na viatu vinavyong'aa, nami nikamchukia tangu asubuhi ya kwanza. Wake za wanajeshi wa kambi ya Kamina walijilaza uwanjani mwa kanisa, wamepakwa nyanya ya kopo, wakijifanya majeruhi huku wakicheka chinichini. Sisi wauguzi tuliwafunga tepe: utepe wa kijani kwa anayetembea, mwekundu kwa anayevuja damu, mweusi kwa asiyepumua. Ukishafunga mweusi, pita, kuna wengine wa kuokolewa.

Mwenzangu wa zamu alimfunga mmoja utepe mweusi, kisha akaketi chini, akamfunika uso kwa kitenge chake.

"Mama, pita!" mwalimu alifoka.

"Mufu habamuachake peke yake, Docteur. Minyi nabakia naye kidogo."

Kwetu Waluba ndivyo ilivyo: mfu haachwi peke yake. Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Hata yule maiti wa nyanya alicheka. Kisha mwalimu akatangaza mbele yetu sote kwamba asiyejua kupita hapati cheti, na bila cheti atafute kazi nyingine. Mwenzangu alikuwa mjane, na watoto wake walikula kutokana na kazi ile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kesho yake alipita vizuri kuliko sisi sote.

Mafunzo hayajaisha, lori la mahindi kutoka Kaniama likapinduka na watu waliokaa juu ya magunia. Tulikimbilia huko, mwalimu naye. Wa kwanza tuliyemtoa chini ya magunia alikuwa mdogo wake mwenzangu, wa tumbo moja. Nilimwona mwenzangu akimwinua kidevu, akisikiliza pumzi, akifunga utepe mweusi. Akasimama, akapita. Akaenda kukaza bandeji kwenye paja la mtu asiyemjua, na mtu huyo yu hai, anauza muhogo sokoni.

"Voilà! Sasa weye njo muuguzi," mwalimu alimwambia, akampigia makofi palepale barabarani. Makofi! Nikiyakumbuka natamani kumzaba kofi.

Matangani wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Mama yao mzazi aliuliza bila kuinua macho:

"Nani alibakiaka naye pale?"

"Hata muntu, mama," mwenzangu akajibu.

Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Akatoka, akakaa peke yake juu ya matofali nyuma ya nyumba. Nikamfuata, nikaanza kuketi kando yake.

"Pita, dada," akaniambia. "Pita tu."