"Si Mbaya Sana," Alisema Tage

Nilikuwa namenya viazi Bjarne aliponipigia simu. Yeye ndiye msimamizi wa kaka yangu Tage katika kazi ya kupanga mawe ya barabarani.

"Dada Signe, kaa kwanza," akasema.

Nikajua. Tage alikuwa amepiga magoti mbele ya benki, akainamia jiwe, hakuinuka tena. Moyo.

Kazi hiyo aliianza akiwa kijana mdogo hapa Jutland. Alichotaka uzeeni kilikuwa kidogo: magoti yapumzike, naye aketi bustanini asubuhi ya Jumatatu. Lakini Denmark imejaa wazee na vijana ni wachache, basi bunge likasogeza mbele umri wa kustaafu, kisha likausogeza tena.

"Kila nikifika mlangoni, wakubwa wanahamisha nyumba," Tage alikuwa akisema, wenzake wakicheka.

Sheria iliacha nafasi kwa waliochakazwa na kazi kustaafu mapema. Nikamsindikiza manispaa kuiomba. Mama wa ofisini alikuwa mpole.

"Magoti yanakusumbua, Tage?"

"Si mbaya sana."

"Na ngazi?"

"Napanda tu."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, hakunitazama. Kwetu mtu halalamiki mbele ya mgeni, hata kama hawezi kusimama. Yule mama aliandika alichoambiwa, akaamua kwamba Tage bado anaweza kazi. Tulipotoka, Tage alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nijililie kama mtoto?"

"Useme ukweli, mbishi wee."

"Mungu anaujua."

"Mungu si karani wa manispaa, Tage."

Akacheka. Jumatatu akarudi kwenye mawe.

Naamini sasa amepumzika kwa Bwana. Lakini nilikuwa nimemwombea apumzike hapa kwanza, japo kidogo, na hilo sikupewa.

Siku ya mazishi mchungaji alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akauliza naendeleaje.

"Vibaya, Mchungaji," nikamjibu.

Hakuzoea jibu hilo.

Bjarne na wenzake walibeba jeneza. Mchungaji alimwaga udongo mara tatu kwa sepetu ndogo, tukaimba. Baadaye nilikwenda nyumbani kwa Tage. Bendera ya bustanini kwake, maana kwetu nyumba nyingi zina mlingoti, ilikuwa imeshushwa nusu tangu asubuhi. Nikaipandisha hadi juu, kama tufanyavyo mtu akishazikwa, kisha nikaingia ndani kuwapikia watu kahawa.