Nilimpeleka mama Nashville kusikiliza country ili akubali kubaki Marekani

Wakuu, salamu kutoka Buffalo, ambako theluji bado imekalia magari yetu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika langu, na sitaongeza chumvi. Chumvi yetu huku tunaimwaga barabarani.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Molo. Nilikuja kusoma, nikapata kazi kiwandani huko Tonawanda, nikaoa. Sasa tunaishi mtaa wa Kensington-Bailey, mimi, mke wangu na watoto wawili.

Mtoto wa pili alipozaliwa nikamleta mama. Hii wote mnaijua: mtoto akizaliwa ughaibuni, shosho anapanda ndege.

Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka asirudi tena.

Baba alishafariki. Mama ana pressure, na kule shambani yuko peke yake na ng'ombe wake. Mimi sasa ni raia wa huku, ningemfanyia green card akae hapa karibu na hospitali. Kila nikimuuliza ananijibu "tutaona". Aliyelelewa na mama wa Kikenya anajua "tutaona" ni jibu gani.

Kilichoniumiza zaidi ni lile dirisha. Tukitoka kazini tunamkuta ameketi anaangalia magari ya Bailey Avenue. Kijana wetu mkubwa akisemeshwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Mama anacheka kidogo, halafu anarudi dirishani.

Basi nikapata wazo, nikajiona genius.

Wale wa Rift Valley na Central mtanielewa, wengine acha niwaeleze. Kwetu country ni muziki wa Jumapili. Mkishatoka kanisani na kula, redio inakuwa country mpaka jioni. Mama anazijua nyimbo ambazo hawa Wamarekani wenyewe wameshazisahau.

Nikasema nimpeleke Nashville, mji wenyewe wa country. Akiona nyimbo zake zimezaliwa huku, atajisikia yuko kwake na atakubali kubaki.

Tukatoka na gari, mimi na yeye tu. Tulipofika Columbus nikataka kununua burger. Mama akaniuliza kwani nyumbani hatukupika. Akafungua kikapu, tukala chapati na chai ya thermos kwenye parking, watu wanatuangalia. Sijui kama kuna burger ingeshinda ile chapati.

Louisville tulilala kwa rafiki yangu Bahati. Ni Mkongomani wa Masisi, tulikuwa tunasali naye Buffalo kabla hajahamia kule kwa kazi ya warehouse. Alikimbia vita akiwa kijana, na alimzika mama yake kambini Uganda. Asubuhi akasema ataendesha yeye, anataka kuona hao wazee wanaovaa buti za ng'ombe wakati hawana ng'ombe.

Nashville, wakuu, si mchezo. Ile Broadway yao ni baa baada ya baa, na kila baa ina bendi yake mchana kweupe. Magitaa yanagongana barabarani. Mama alikuwa na kilemba chake cha kanisani na jaketi langu zito, anageuza kichwa huku na huku kama mtoto sokoni.

Shida ikaja mlangoni. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani, baa haingii. "Nikionekana?" Nikamuuliza ataonekana na nani huku Tennessee. Akanijibu kwamba Mungu anajua njia ya Tennessee.

Bahati alicheka mpaka akashika ukuta.

Uzuri ni kwamba baa zile zinafungua madirisha makubwa upande wa barabara, na bendi inakaa palepale ikiwapa mgongo wapita njia. Kwa hiyo mama alisikiliza country ya Nashville akiwa sidewalk, anatazama migongo ya wanamuziki.

Wakapiga nyimbo mpya, mama hakuzijua. Nikaanza kuogopa kwamba safari imekula kwangu.

Halafu wakaanza wimbo mmoja wa zamani. Mama akauimba wote, neno kwa neno, na Kiingereza chake cha Molo. Wasichana wawili wenye buti nyeupe wakasimama kumpigia makofi. Mimi nikamkonyeza Bahati: imeingia hiyo.

Wimbo ulipoisha mama alikuwa analia.

Bahati ndiye aliyemsogelea. "Mama, juu ya nini uko nalia? Si ile muziki iko muzuri?"

Mama akajifuta na ncha ya kilemba.

"Ni mzuri," akasema. "Nilikuwa napiga pasi uniform za watoto, baba yao anachagua viazi vya mbegu pale mlangoni, na nje mvua. Wimbo huu ukianza tu, niko hapo."

Kisha akanigeukia. "Gitau, nataka kurudi Molo. Hiyo kadi yako siitaki."

Mimi niliona nampeleka kwenye roho ya Marekani. Yeye masikio yake yalikuwa Molo tangu gitaa la kwanza.

Tukirudi Louisville nilibishana naye njia nzima. Nikamtajia pressure, daktari, upweke, wajukuu. Akafumba macho kiti cha nyuma. Najua hakuwa amelala.

Bahati akapunguza sauti. "Donc, wewe mama yako iko na kwabo kwa kurudia," akaniambia. "Mimi, kama mama yangu angekuwa na fasi ya kurudia, ningemupeleka hata na miguu."

Tuliporudi Buffalo sikubishana tena.

Nilimkatia tiketi. Airport ya Buffalo alivua lile jaketi akanikabidhi, akasema baridi hiyo ni yenu. Akaingia ndani na sweta yake tu, hakugeuka nyuma. Mimi nililia kwenye gari, sina haja ya kuwaficha.

Dada yangu wa Nakuru hanisemeshi vizuri mpaka leo. Anasema nimemtupa mama. Kila simu ikilia saa mbaya, moyo unaruka, kwa sababu najua siku yake ikifika nitakuwa huku.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi ukimpenda utamlinda, ila umri ule si wako wa kumpangia. Mimi nilikuja Marekani kutafuta maisha. Mama yangu alikuwa nayo tayari.

Jaketi bado liko nyuma ya mlango. Mke wangu anataka tulipeleke kanisani kwa wageni wapya, nami kila Jumapili namwambia wiki ijayo.

Haya, wenye wazazi ughaibuni na walio nyumbani, semeni. Hata wewe unayetaka kuniambia nilikosea, andika, nitakusoma mpaka mwisho.