Mshika Kioo wa Chang'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kioo, na nusura nigeuze nirudi nyumbani.

Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kuchemsha chai katika karakana moja ya Chang'ombe, nyuma ya viwanda. Nilifika mapema, nimevaa baibui jipya na wanja kidogo machoni, maana nani asiyetaka kupendeza siku ya kwanza? Fundi Mkuu alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu. Alikuwa mtu mrefu, mzaliwa wa Temeke, mchache wa maneno, na sote tulimwita kwa cheo chake tu. Akavuta droo, akatoa kioo kidogo cha duara chenye fremu nyekundu, kama vile vinavyokaa kwenye mikoba ya kina mama, akanipa.

"Shika. Hii ndiyo kazi yako."

Damu ikanipanda. "Fundi, mie nimekuja kufanya kazi. Sijaja kujitazama."

"Na nani kakwambia ujitazame? Njoo huku."

Akanipeleka kwenye meza ya nyuma, na hapo ndipo nilipoanza kazi iliyonilisha mpaka nimezeeka. Nyie vijana mnaosoma haya mmezoea kununua samaki wa kuvulia madukani, wamefungwa kwenye plastiki, wametoka nchi za mbali. Sisi tulikuwa tunawasubu wenyewe. Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina ndani ya kalibu, yaani umbo lenye uwazi, ili ikipoa itoke na sura ya uwazi ule. Samaki wetu walikuwa wa risasi. Si ile ya bunduki, bali metali yenyewe, nzito, laini, ya kijivu, tuliyoipata kwenye mabomba chakavu na vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari. Mvuvi anamfunga samaki huyo kwenye mshipi, anamburuta nyuma ya boti, na nguru au kolekole anamdhania kibua anayekimbia. Akimrukia, anakutana na ndoana.

Kalibu tulizitengeneza kwa mikono. Unachonga mfano wa samaki kwa mbao ya mninga, unaupaka mafuta, unaulaza nusu yake katika udongo wa mfinyanzi ndani ya kiboksi. Juu yake unamwaga plasta, ule unga mweupe wanaofungia watu waliovunjika. Ikiganda unageuza, unaondoa udongo, unapaka sabuni ya mche ili nusu mbili zisishikane, kisha unamwaga plasta ya pili. Ukizitenganisha unapata nusu mbili zenye samaki katikati. Unachimba njia ya kumiminia na vijia vyembamba vya kutolea hewa, unapaka masizi ya kibatari ndani ili samaki atoke mzima. Hapo mtu wa mtaani atakwambia kazi imekwisha, naye hajui kitu.

Plasta inanywa maji na haiyatoi upesi. Kwa nje utaiona nyeupe, ukiigonga inalia, kumbe ndani mbichi. Risasi ya moto ikikutana na unyevu huo, maji yanageuka mvuke papo hapo na risasi inaruka, tena inaruka usoni kwa anayemimina. Ndiyo sababu ya kioo. Kalibu ilianikwa juani siku kadhaa, ikapashwa pembeni ya jiko la mkaa, na ikiwa bado ya moto mshika kioo aliweka kioo baridi juu ya uwazi na kuhesabu polepole mpaka hamsini. Kioo kikishika ukungu anasema "bado". Kikibaki safi anasema "kavu". Hakuna aliyeruhusiwa kumimina kabla ya neno hilo. Na mmiminaji mwenyewe haruhusiwi kushika kioo, kwa kuwa ana hamu ya kumaliza.

"Kwa hiyo humu ndani," Fundi Mkuu akaniambia, "hata mie nakusikiliza wewe."

Mfagiaji anasikilizwa na Fundi Mkuu! Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama nimeteuliwa waziri.

Alikuwa mkali kwa mambo mawili. La kwanza, mtu asile chochote karibu na risasi, na kabla ya kushika mkate wa chai anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, maana risasi ni sumu. La pili, mtu asimsemeshe anapomimina. Alichovya njiti ya kiberiti kwenye sufuria ya risasi. Ikibadilika kuwa kahawia bila kushika moto, joto limefika. Aliengua utando wa uchafu juu, akachota kwa upawa, akamimina mara moja bila kukatisha. Wavuvi waliokuja kuchukua mizigo yao walisimama mlangoni kumtazama. Hakuwa mtu wa majivuno, ila baada ya kumimina alikuwa na tabia ya kuutazama mkono wake wa kulia, akiugeuzageuza, na mtu angeona kabisa kwamba anaupenda.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Ilikuwa masika, mvua wiki nzima, jua hakuna. Kalibu tulizikausha kwa jiko peke yake. Wavuvi walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri samaki wao, nguru wameanza kupita na wenzao wako baharini tayari. Msimamizi wa karakana, mtu wa haraka aliyevaa saa kubwa na kuitazama kila baada ya dakika, alikuwa anazunguka meza. Asubuhi nilisema bado. Adhuhuri nikasema bado. Baada ya adhuhuri nikaweka kioo mara ya tatu, na yeye kasimama nyuma ya shingo yangu.

"Wewe kila siku bado," akasema, wavuvi wote wanasikia. "Ama nitafute mwingine anayejua kutazama kioo?"

Nikahesabu hamsini. Kioo kilikuwa safi, isipokuwa upande wa mkia. Pale palikuwa na ukungu mdogo, sawa na ukucha wa kidole changu cha mwisho. Niliuona. Naandika hapa bila kuficha: niliuona vizuri. Nikafikiria aibu ya kusema bado tena, nikafikiria kurudishwa kwenye ufagio, nikaufuta kwa kanga.

"Kavu," nikasema.

Fundi Mkuu hakuuliza. Alichota, akamimina. Ulisikika mlio kama mafuta yanapopata maji, lakini mkubwa, kisha yeye mwenyewe akapiga kelele, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Jicho lake la kulia halikupona.

Fundi Mkuu aliporudi kutoka hospitali, Msimamizi alituita. "Kioo kilisemaje?"

"Kilikuwa safi," nikajibu.

Kabla sijavuta pumzi Fundi Mkuu akadakia. "Msimsumbue huyu. Mie ndiye nilimimina kwa pupa. Mkono wangu ndio umeniangusha."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikanyamaza. Na tangu siku hiyo hakushika tena upawa. Alihamia kwenye kuchonga mifano ya mbao, na wavuvi wakaacha kusimama mlangoni. Nami nikajizoeza kukaa kuliani kwake, upande wa jicho lililokufa, ili asiuone uso wangu.

Baadaye tajiri mwenye karakana alifungua tawi Sinza, nikaomba mwenyewe kuhamishwa. Karakana yetu ya huko ilipakana na baa, na walevi walikuwa wanaingia kuuliza kama wale samaki wanakaangwa au wanachomwa. Nilicheka sana Sinza. Nilijifunza kuchonga, nikajifunza kumimina, nikapandishwa kuwa msimamizi wa kalibu, lakini kioo sikukiacha. Nilisema bado hata pale wenzangu waliponinunia. Walinipachika jina la Bi Bado, nikalipokea. Kila Idi nilikwenda Temeke kumsalimia Fundi Mkuu, nikakaa kuliani kwake, nikanywa chai, nikarudi.

Nimestaafu mwaka huu, na si umri ulionistaafisha. Asubuhi moja niliweka kioo, nikahesabu, nikakiona safi kabisa. Nimekwishafungua mdomo. Rehema, fundi wetu wa kumimina, alikuwa ameshika upawa tayari, akainama.

"Bi Mkubwa, mbona ukungu umejaa hapo?"

Nikatazama tena. Sikuona kitu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lakini pale mezani sikungoja daktari. Safari hii nisingekuwa nimesema uongo, na uso wa Rehema ungeungua vilevile. Nikamkabidhi mwenzangu kioo, nikavua aproni.

Sasa naishi Goba kwa binti yangu, nasikia watu wakijenga kila upande wa kilima. Watu wananiambia nimepumzika. Sikupumzika hata siku moja mpaka wiki iliyopita, nilipomwomba binti yangu anipeleke Temeke.

Fundi Mkuu alikuwa kibarazani, baada ya swala ya alasiri. Nikakaa mahali pangu pa siku zote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nasikia umeacha kazi. Kulikoni?"

"Macho. Sioni ukungu tena."

"Pole. Wewe ulikuwa na macho, bwana."

Neno hilo likanichoma. Nikamwambia yote: benchi la wavuvi, saa ya Msimamizi, ukungu, kanga. Nililia huku nasema, sikujali majirani. Nilipomaliza nikadhani atanifukuza, na ningekwenda bila kinyongo.

"Ukungu ulikuwa upande gani?" akauliza.

"Mkiani."

"Mkubwa?"

"Kama ukucha huu wa mwisho."

Akatikisa kichwa polepole, kifundi. "Mkiani ndiko ilikorukia. Miaka yote hii nasema nilimimina kwa pupa. Usiku na mchana namimina upya kichwani, naona mkono umetulia, najiambia najidanganya." Akauinua mkono wa kulia, umekunjamana sasa, akaugeuza huku na huku kama zamani. "Kumbe haukuwa mkono."

"Haukuwa mkono, Fundi. Ni mie."

"Umechelewa sana kuniambia," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Sana." Akaendelea kuutazama mkono wake. Kisha akapapasa mkeka upande wake wa pili.

"Hamia huku kushoto. Huko ulikokaa sikuoni."