Nyota Kwenye Foleni ya Sukari

Mwaka themanini na tatu hapa Makoko, kando ya ziwa, hatukuwa tunapanga foleni ya watu, tulikuwa tunapangaga mawe. Jioni unaweka jiwe lako mbele ya duka la ugawaji, unaenda kulala, alfajiri unakuja kusimama nyuma yake. Dada yangu Eufrasia alikuwa na jiwe jeusi, laini, la kusugulia miguu. Mtaa mzima ulilijua. Au ndivyo nilivyodhani, kumbe watu wanafiki!

Siku hiyo jiwe lake lilikuwa la kwanza. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Bunda kumposa binti yake, Bhoke, na ndani hamkuwa na sukari hata punje. Umpe mkwe chai isiyo na sukari? Posa inakufa hapo hapo.

Saa kumi na moja alfajiri, tumesimama nyuma ya mawe yetu, mbingu ikawaka. Moto mkubwa ukapita juu ya ziwa, mkia nyuma, ukapotelea upande wa Buhare, kisha ikafuata ngurumo. Yesu na Maria! Tukatawanyika. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Kwangu, akajificha chini ya baiskeli yake, utadhani baiskeli ina paa.

Tuliporudi akalimulika jiwe la dada kwa tochi. "Nyota yenyewe hii hapa. Imeanguka."

"Balozi, hilo jiwe langu! Nasugulia visigino!"

"Lilikuwaga lako. Sasa ni kitu cha mbinguni, mali ya serikali."

Dada akavua ndala, akaketi vumbini, akajisugua kisigino mbele ya umati. Magaga yakapukutika. Badala ya kuamini kuwa ni jiwe la miguu tu, mama mmoja akaomba naye asuguliwe goti linalomuuma. Hapo tukaharibikiwa kabisa.

Balozi akalifunga jiwe kwenye keria, akaondoka nalo kwenda mjini kulikabidhi. Dada akabaki amesimama pale pale. Jirani yetu Werema, aliyekula ugali kwa dada Jumapili, akamuuliza, "Mama Bhoke, jiwe lako liko wapi? Sheria ni sheria." Nilitaka kumng'ata. Tukarudishwa mwisho, na sukari ikaisha kabla hatujafika mlangoni.

Mchana wakwe wakaja. Dada akamimina chai, machozi yakimlengalenga. Mzee Magige, baba wa kijana, akaonja, akaweka kikombe chini.

"Moto ule hata Bunda tumeuona," akasema. "Njiani wanasema nyota imeangukia jiwe la mama mmoja wa huku."

"Ni mimi, baba. Ndiyo maana..." Dada akashindwa kumalizia.

Mzee akavua kofia. "Ndiyo maana mnakunywa hivi. Nyumba iliyotembelewa na mbingu inafungaga, haigusi sukari!" Akanywa vikombe vitatu, uso umekunjamana, akatamka posa.

Baadaye biashara ikaruhusiwa, sukari ikajaa mpaka Manyamanyama, kule Bunda. Lakini kwa Bhoke, mkwewe hataki kuona hata kijiko kimoja. Heshima ya nyota. Basi Bhoke akija Makoko, kwanza anafunga mlango, halafu anaweka vijiko vinne. Mama yake, visigino vimepasuka, jiwe halijarudi mpaka leo, ndiye anayemkorogea.