Mashine Namba Tisa

Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya mashine namba tisa, kwenye kiwanda cha vifuniko vya chupa za plastiki. Kila kifuniko kilitoka na namba ya mashine upande wa ndani. Chake kilijulikana mara moja, maana mkia wa tisa ile ulimeguka zamani na hakuna fundi aliyehangaika kuurudisha. Wafanyakazi walikuwa na mchezo wao. Wakialikwa harusini, hawakunywa kabla ya kugeuza kifuniko. Aliyekuta namba yake alitangaza, "Huyu wangu," na meza nzima ikampongeza kama aliyejifungua. Yeye wa mashine namba tisa alikuta vyake mara nyingi kuliko wote. Wakamwita Mama Tisa.

Alipostaafu, bintiye, daktari katika kituo cha kutibu ndege wa baharini, alimwomba akasaidie kulisha, badala ya kushinda nyumbani akihesabu nyufa za dari. Akapewa kinda mmoja wa kijivu, aliyeokotwa ufukweni akiwa ngozi na mifupa. Kila siku alimsagia samaki, akamlisha kwa bomba la sindano huku akimsema: unangoja uandikiwe barua ndipo ule? Akaapa hatapumzika mpaka amwone anaruka. Lakini kinda alimeza kidogo tu, kisha akageuza shingo kama aliyeshiba. Ameshiba nini, Mama Tisa alinung'unika, na hajala?

Siku ya kumi na mbili alimkuta amelala ubavu, wa baridi.

Ilibidi apasuliwe ijulikane kilichomuua. Mama Tisa aliambiwa asubiri nje, akagoma. Tumbo lilikuwa limejaa pomoni. Binti akatoa vilivyomo kwa koleo na kuviweka kwenye trei: nyuzi za nailoni, vipande vya ndoo, vifuniko vitano. Alieleza taratibu kwamba wazazi wa kinda huokota vinavyoelea wakidhani ni chakula, wakamletea mtoto, naye akafa njaa huku tumbo limejaa.

Mkono wa Mama Tisa ukafanya ulichozoea. Ukageuza kifuniko cha bluu. Akakisogeza dirishani, akavaa miwani.

"Viko mamilioni, mama," binti alisema haraka. "Hukukitupa wewe."

"Huyu wangu," alijibu, kwa sauti ndogo.

Binti alivua glavu, akaketi kando yake. Vifuniko vile ndivyo vilivyomsomesha.