Mama alikuja Dubai kuniposea, dada akamchanganyia na ziara ya Wamormoni jangwani

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio huku Uarabuni mnakula vumbi kama mimi.

Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa nasoma zenu, nacheka, napita. Ila kuna mdau aliniuliza kwa nini kila mtu akisema analeta mzazi Dubai mimi namwambia "mlete kwa jambo moja tu". Leo namjibu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni Mkenya wa Mumias. Kwa msiopajua, ni bara kabisa, Uluhyani, lakini Waislamu tupo tele tangu enzi za mababu.

Marehemu baba alikuwa Mwislamu. Mama alizaliwa Mkristo, akasilimu alipoolewa. Walituzaa wawili, dada yangu Zena na mimi Rajabu.

Huku Dubai ni msimamizi wa walinzi kwenye majengo ya Jumeirah Village Circle. Nalala Al Baraha, bedspace, yaani kitanda cha kukodi tu, pazia ndiyo ukuta wangu. Wanaoijua hiyo life wanaijua.

Zena ni nesi Marekani, jimbo la Utah. Huko aliingia kwa Wamormoni, kanisa la Kikristo lenye makao yake huko, na akaolewa huko huko. Baba alipofariki alimchukua mama akakae naye kwa muda, na mama aliporudi Mumias alikuwa ameshabatizwa.

Sikusema neno. Dini ya mtu ni yake, na mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwenye simu tangu msiba.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Wamormoni hawanywi chai wala kahawa. Pombe na sigara naelewa, lakini chai? Mluhya aamke asubuhi asinywe chai ya maziwa? Nilimuuliza mama anaishije. Akasema anakunywa maziwa moto, na nisimtanie.

Sasa tuje kwa Salha.

Salha alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya cargo ya baba yake, Deira. Ni Wazanzibari wenye asili ya Oman, wameishi Dubai tangu kabla sijazaliwa, lakini Kiswahili chao cha Unguja kipo vile vile. Yeye ndiye alikuwa anapima maboksi yangu ya nyumbani.

Basi nikaanza kutuma maboksi yasiyo na sababu. Mama alipokea mablanketi mpaka akauliza kama nafungua duka.

Mzee Seif, baba yake, alipojua hakunifukuza. Aliniuliza ukoo wangu, akaniuliza kuhusu baba, kisha akasema hataki wazee wa kukodi kutoka msikitini. Alitaka mama yangu aje mwenyewe, amwone aliyenizaa. Nilimwambia mama ni Mkristo. Akasema mama ni mama.

Ndugu zake wawili hawakufurahi. Mlinzi, tena Mkenya wa bara, tena mama Mkristo. Lakini mzee alikuwa ameshasema.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana uzi mzima umesimama hapa.

Kwenye ukoo wa Salha wana mila ya kwao Oman. Mkienda kuposa mnamiminiwa kahawa. Hamnywi. Mnaweka kikombe chini, mnasema shida yenu. Mwenye nyumba akikubali, anawaambia mnywe kahawa yenu. Mkinywa, mmepokea mlichopewa na binti ni wenu. Usiponywa, umemrudishia neno lake mbele za watu.

Salha alinieleza hayo mapema. Nikampigia mama, nikamweleza yote. Akasema, "Baba, funda moja tu kwa ajili yako, Mungu atanielewa."

Nilimwambia Salha. Akasema kama mama amekubali, basi mzee asisumbuliwe na habari za kahawa, ndugu zake wasije wakapata la kusema. Tukaliacha hapo.

Nikaomba leave. Mpango wangu ulikuwa mama afike wiki moja kabla ya posa, apumzike, akae na mama yake Salha wazoeane, wapikiane, mpaka siku yenyewe wawe ni kama majirani. Wanawake wawili wakishacheka pamoja jikoni, wanaume sebuleni wanakuwa hawana kazi kubwa.

Zena ndiye aliyekata tiketi. Akasema naye anakuja, na ana surprise.

Surprise yenyewe ilikuwa ziara.

Kwa ufupi, kwenye maandiko ya Wamormoni kuna familia iliyotoka Yerusalemu zamani sana, ikavuka jangwa lote la Uarabuni mpaka ikafika mahali pa kijani kando ya bahari, ikajenga merikebu na kuondoka. Wapo wanaoamini mahali hapo pako Dhofar, kusini mwa Oman. Zena na marafiki zake wazee wa Kimarekani walikuwa wamepanga kupita njia hiyo kwa gari kutokea Dubai. Hawakutumwa na kanisa, ni mpango wao binafsi.

Nilimwambia Zena haya mambo mawili hayaendi pamoja. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama hatarudi tena upande huu wa dunia, na kwamba posa ni saa moja tu, ziara ni kumbukumbu ya maisha.

Saa moja tu. Hilo neno bado linaniuma.

Mama alifika, akanikumbatia pale airport, akanishika mashavu, akasema nimekonda. Miaka sita nilikuwa sijamwona. Kesho yake asubuhi tulikuwa barabarani kuelekea mpaka wa Oman. Mama yake Salha alikuwa ameshanunua samaki wa kumpikia mgeni. Nilimpigia kumwomba radhi nikiwa kwenye gari.

Mimi nilienda nao. Ningefanyaje? Nilijua nikibaki Al Baraha sitamwona mama kabisa.

Wakuu, lile jangwa halina mwisho. Barabara imenyooka, kulia mchanga, kushoto mchanga, ngamia mmoja mmoja wanakuangalia kama wewe ndiye umepotea. Wamarekani walikuwa wanasimamisha gari kila baada ya muda, wanashuka, wanasoma, wanalia. Kuna kisima kimoja walikizunguka na kamera mpaka mchungaji wa mbuzi akaja kuuliza kama tunanunua shamba.

Mimi nilikuwa nahesabu muda wa posa unavyoliwa. Kila nikitaka kukaa na mama nimweleze Mzee Seif ni mtu wa aina gani, asalimiweje, anapenda nini, Zena anamwita aje kuona jiwe.

Nilimwambia Zena hivyo, mbele ya mama. Tukagombana pale kwenye petrol station ya Haima, katikati ya jangwa la Oman, mpaka Wamarekani wakajifanya wananunua biskuti.

Sitawadanganya, kule mwisho ni pazuri. Unashuka kwenye boti ndogo ya injini, unakuta bonde la kijani lina maji baridi, mitini inajiotea yenyewe. Baada ya mchanga wote ule, hata mimi nilisema subhanallah.

Mama alivua viatu, akatembea kwenye yale maji taratibu. Wakaimba. Kisha Zena akasema kila mtu amwambie Mungu neno lake.

Mama alipiga magoti, akaomba kwa Kiluhya. Wamarekani hawakuelewa, mimi nilielewa. Alisema aliwahi kumwacha Mungu wake akiwa msichana kwa sababu ya ndoa, na kwamba akiwa hapo anaapa hatarudi nyuma tena kwa lolote, dogo wala kubwa.

Alilia sana. Nilimshika bega. Nilidhani analia msiba wa baba, kile kiapo sikukihusisha na kikombe.

Njiani kurudi nikamkumbusha kikombe. Akaangalia dirishani, akasema, "Tutaona, baba."

Kwa mama wa Kiluhya "tutaona" ni hapana yenye adabu. Tangu utotoni nikiomba viatu najibiwa hivyo. Lakini nilitaka sana iwe ndiyo, nikaisikia ndiyo.

Tuliingia Dubai Ijumaa asubuhi. Posa ilikuwa baada ya Alasiri. Mama alikuwa amechoka mpaka miguu imevimba.

Alivaa vizuri, nampa haki yake. Dera jipya la mikono mirefu ya heshima, na mtandio. Tulikwenda watatu, mama, Zena na mimi. Mzee Seif alitupokea mlangoni mwenyewe, ndugu zake wamekaa, udi unafukizwa, na kutoka ndani harufu ya biriani ilikuwa imejaa nyumba. Nilijua Salha yuko nyuma ya mlango anasikiliza.

Kahawa ikamiminwa. Mama akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka chini bila kukigusa mdomoni. Mzee akatabasamu. Nikaona hata ndugu zake wanatazamana kwamba huyu mama amefunzwa.

Mama akasema ametoka mbali kuja kuomba binti yao awe binti yake, na kwamba baba yangu angekuwa hai angesema vizuri zaidi yake. Alisema kwa sauti ya chini, maneno machache. Hata mimi machozi yalinilenga.

Mzee Seif akaweka mkono kifuani, akasema, "Mama, kunywa kahawa yako. Ulilolijia umelipata."

Wakuu, kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Deira.

Mama akainua kikombe mpaka kifuani. Akakiangalia. Akakirudisha kwenye sinia.

"Nisamehe, baba," akasema. "Siwezi."

Nikarukia kueleza. Nikasema mama amempokea binti kwa moyo wote, tatizo ni dini yake tu, hanywi kahawa. Zena naye, badala ya kunyamaza, akaanza kueleza kwa Kiingereza kwamba kahawa si nzuri kwa mwili. Kwa Mwarabu wa Unguja, nyumbani kwake, kahawa aliyochemsha mwenyewe.

Mzee hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Ungenambia mapema, mwanangu. Ningemwekea maziwa. Sasa neno nshalitoa mbele ya ndugu zangu, na wamelishuhudia linarudi."

Mmoja wa ndugu zake akasema, "Khalas," yaani yamekwisha. Walikuwa wanatafuta sababu tangu mwanzo, sisi tukawapelekea mpaka kwenye sinia.

Vikombe vikaondolewa. Biriani tulipewa, na tulikula, maana Waunguja hawamnyimi mgeni chakula hata akiwavunjia mlango. Ile biriani sijui ilikuwa na chumvi au haina.

Kwenye teksi nilimuuliza mama kwa nini. Alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake.

Akasema, "Baba yako aliponioa niliacha kanisa langu siku moja, hakuna aliyeniuliza kama linauma. Nimelirudia nikiwa mzee. Nimeapa juzi tu, Rajabu. Usiniombe niliache tena, hata kwa kikombe."

Nikamuuliza, "Hata kwa mimi?"

Akaangalia taa za barabarani mpaka tukafika.

Salha alijaribu. Alilia kwa baba yake, nami nilirudi mara kadhaa pale ofisini kuomba radhi. Mzee alinipokea kwa heshima kila mara, akaniuliza habari za kazi, na jambo lenyewe akalizunguka kama mtu anayezunguka shimo. Nikaja kusikia amemwozesha Salha kwa binamu yake. Siku hizi nikipita mtaa ule nageuza uso upande wa pili.

Kuna watakaosema mama alikuwa na haki. Inawezekana. Nimewaza sana na kila nikiwaza naona alisema kweli, kile alichonyang'anywa ujanani kilikuwa chake. Lakini ukweli wake haujanipunguzia uchungu hata kidogo. Nina hasira na Zena, hilo ni jepesi. Hasira na mama ndiyo sijui niiweke wapi.

Nilichojifunza ni hiki: njia mbili zilimshinda fisi. Mzazi ukimleta kwa jambo lako, mlete kwa jambo lako. Usikubali mtu amchanganyie na safari ya roho yake, kwa sababu roho yake ikiamka, wewe ndiye utakayepungua.

Mama hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka simu inapata moto sikioni, sasa hivi tukishasalimiana kila mtu anasubiri mwenzake aage.

Basi uwanja ni wenu, wakuu. Mliowahi kumwona mama anamchagua Mungu mbele yenu, nielezeni mlirudije kumpenda kama zamani. Kama hamkurudi, semeni pia. Mimi nitukaneni mnavyotaka, ila mama yangu naomba msimguse.