Punda Aliyegoma Langoni

Mnadani Masumbwe leo, harufu ya mjeledi mpya wa ngozi imenirudisha nyumbani kwetu, enzi za utoto.

Nilikuwa natoka lamboni na mkokoteni wa maji, punda akagoma langoni. "Mnyama wewe, huna akili!" nikamfokea, nikamchapa mpaka mgongo ukachanika. Hakusogea hata hatua moja. Mara mama akatoka jikoni mbio, akamnyakua mdogo wangu aliyekuwa anatambaa mbele ya kwato za punda.

"Wabeja, mwanangu, asante! Usingemsimamisha huyu punda, leo tungekuwa na msiba."

Mjeledi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikajibu, "Nilimwona mtoto, mama."

Jioni nikapewa bakuli la mtindi, nikanywa wote. Yule asiye na akili alikuwa zizini, anafukuza nzi kwenye vidonda vyake.